Fimbo za kupandia mlima: ubebe au uache? Ulinganisho kwa anayekwenda Kilimanjaro

Ukisoma orodha ya vifaa vya kupanda Kilimanjaro, vingi havina ubishi. Buti, koti la mvua, mfuko wa kulalia, tochi ya kichwani: hakuna anayeuliza vya nini. Kisha unafika kwenye mstari wa "fimbo mbili za kutembelea" na mkono unasita. Wengine wanaona ni mambo ya wazee. Wengine wanaona ni mapambo ya watalii. Na yupo anayeuliza swali la haki kabisa: kama wapagazi wanapita na mzigo kichwani bila fimbo yoyote, mimi niliyebeba maji na sweta nazihitaji za nini?

Nimepanda mlima ule mara mbili. Mara ya kwanza nilipita njia ya Machame bila fimbo, mara ya pili nikapita njia ya Marangu na fimbo mbili za kukodi. Ulinganisho huu nimeupima kwa magoti yangu mwenyewe, na jibu langu nalitoa mapema ili usome ukijua niliposimama: kwa safari ya siku 5 hadi 8, beba fimbo, na sababu kubwa ya kuzibeba ni kushuka. Hata hivyo jibu hilo hubadilika kwa njia utakayopita na kwa mwili wako, na kuna vipande vya mlima ambapo fimbo ni mzigo mtupu.

Hesabu ya kushuka

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, lakini wengi wetu tukiiwaza Kilimanjaro mawazo yanaishia kileleni. Mazoezi tunafanya ya kupanda, hofu yote iko kwenye usiku wa kileleni, na picha tunayoiota ni ya ubao wa Uhuru, mita 5,895. Tazama sasa kinachofuata baada ya picha hiyo.

Wanaopanda kwa Machame, Lemosho au Umbwe kwa kawaida hushukia Mweka. Asubuhi ile ile ya kileleni unateremka hadi kambi ya Barafu, mita 4,673. Unapumzika kidogo, unakula, unafunga vitu vyako, kisha unaendelea hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye kama mita 3,100. Yaani kwa siku moja, baada ya usiku ambao hukulala, miguu yako inashuka karibu mita 2,800. Kesho yake kuna kama mita 1,460 nyingine ndani ya msitu hadi lango la Mweka. Mlima uliokuchukua siku tano kuupanda unaushuka kwa siku moja na nusu.

Marangu unapanda na kushuka njia ile ile. Kutoka kileleni hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, ni mteremko wa mita 2,175, na siku inayofuata kuna kama mita 1,850 hadi langoni. Njia yake ni pana na mteremko wake ni wa taratibu kuliko ule wa Mweka, lakini ukijumlisha bado ni kilomita nne za kwenda chini wima.

Unapopanda, paja linasukuma. Unaposhuka, paja linafanya kazi ya breki: linakaza huku likirefuka, kila hatua, maelfu ya hatua. Hapo ndipo msuli unapochanika vipande vidogo vidogo na kukuletea yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu, ya mtu anayeshuka ngazi za gesti ya Moshi kinyumenyume. Goti nalo linapokea uzito wa mwili pamoja na begi kila unapotua. Fimbo mbili zikitua kabla ya mguu, sehemu ya uzito ule inapita mikononi na mabegani.

Jambo hili limepimwa. Watafiti wa Salzburg, Austria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, waliwapima wanaume 8 wakishuka mteremko wa nyuzi 25, wakiwa na fimbo na bila fimbo. Nguvu zinazolikandamiza goti zilipungua kwa kati ya asilimia 12 na 25. Watu wanane ni wachache, na mteremko wa kutengenezwa haufanani na kokoto za Barafu. Hata hivyo chukua asilimia 12 tu, ile ya chini, kisha izidishe kwa hatua zote za kutoka mita 5,895.

Safari yangu ya kwanza, ile ya bila fimbo, goti la kulia lilianza kuuma muda mfupi baada ya kuiacha Barafu. Halikuwa na ugonjwa wowote kabla ya hapo. Kufika kambi ya Mweka nilikuwa nashuka kwa ubavu kama kaa, na kiongozi wetu akanikatisha kila baada ya dakika chache: "Mangi, pumzika, usilazimishe." Safari ya pili, nilipofika Horombo kutoka kileleni, nilikuwa nimechoka sana lakini nilikuwa natembea. Njia hizo mbili hazilingani, nakubali, na safari ya pili nilikuwa nimefanya mazoezi zaidi. Hata nikiyatoa hayo yote, tofauti ninayoikumbuka ni kubwa mno.

Kipande kwa kipande

Watu hubishana kuhusu fimbo kana kwamba mlima ni mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ukiukata vipande, ubishi unapungua.

| Kipande cha njia | Ukiwa na fimbo | Ukiwa bila fimbo |
|---|---|---|
| Msitu wa chini, siku ya kwanza | Zinafaa kukiwa na matope na mizizi | Unatembea huru, hukosi kitu |
| Jangwa la kati ya kambi za Horombo na Kibo | Zinakupa mdundo tu | Sawa kabisa |
| Mwamba wa Lava Tower kushuka kambi ya Barranco | Msaada mkubwa | Goti linaanza kukukumbusha lipo |
| Ukuta wa Barranco | Kero, zifunge begini | Afadhali |
| Usiku wa kileleni | Mizani nzuri, vidole baridi | Vidole vina joto, mwili unayumba |
| Kokoto za kurudi kambini | Hapa ndipo thamani yake yote ilipo | Mapaja yanawaka, kuanguka ni rahisi |
| Barafu hadi lango la Mweka | Msaada mkubwa | Mawe na ngazi zisizoisha |

Ukuta wa Barranco unahitaji neno la ziada, kwa sababu hapo ndipo fimbo huleta hatari badala ya kuizuia. Ni mpando wa kama mita 250 juu ya kambi ya Barranco, na sehemu zake nyingi unapanda kwa mikono: unashika mwamba, unatafuta pa kuweka mguu, unajivuta. Kuna mahali unalazimika kuukumbatia mwamba kifua kwa kifua ili upite. Mtu mwenye fimbo zinazoning'inia kwenye viganja pale anajichoma, au anamchoma anayemfuata nyuma. Kiongozi mzuri atakuambia uzikunje na kuzifunga begini tangu kambini. Kama fimbo zako hazikunjiki zikawa fupi, zitatokeza juu ya kichwa chako na kugonga mwamba kila unapoinama. Nilimwona dada mmoja akihangaika hivyo mpaka mpagazi akamwambia, "Leta dada, nitakupelekea," na akaongeza fimbo za mtu mwingine juu ya mzigo wake mwenyewe. Msaada wa namna hiyo tusiutegemee. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 kwa utaratibu wa hifadhi, na mikono yake anaihitaji kuliko sisi.

Baada ya ukuta lipo bonde la Karanga: unashuka kwa kasi, unavuka maji, unapanda kilima kikali hadi kambini. Zifungue fimbo hapo juu kabla hujaanza kuteremka bondeni, usiwe mvivu wa kuzitoa.

Usiku wa kileleni

Hiki ndicho kipande kinachonipa shida kukihukumu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Unaondoka Kibo au Barafu karibu na saa sita usiku. Kutoka Barafu ni zaidi ya mita 1,200 za kupanda. Baridi mara nyingi iko chini ya nyuzi 10 hasi, na upepo ukivuma mwili unaihisi zaidi ya hapo. Njia ni kokoto na changarawe zilizogandishwa na baridi. Mwendo ni wa pole pole hasa, nusu hatua kwa nusu hatua, na watu wengi husinzia wakitembea. Mwili ulio na hewa kidogo unayumba. Fimbo mbili zinakupa miguu minne, na miguu minne haiyumbi upesi.

Upande wa pili ni vidole. Kushika fimbo ni kukunja ngumi kwa saa sita au saba, tena mbali na mwili, kwenye upepo. Damu haifiki vizuri kwenye vidole vilivyokazwa. Ukiwa na glavu nyembamba utateseka. Glavu nene zisizotenganisha vidole zinasaidia sana, ila zinakufanya ushindwe kurekebisha urefu wa fimbo au kufungua chupa ya maji. Na maji yenyewe: mtu mwenye mikono miwili iliyojaa hunywa mara chache kuliko anavyopaswa.

Niliyoyafanya safari ya pili, na ambayo ningeyarudia, ni kupanda usiku ule na fimbo moja tu, nyingine ikiwa imefungwa begini. Mkono mmoja unashika, mwingine uko mfukoni ukipata joto, na baada ya muda vinabadilishana zamu. Alfajiri, tulipoanza kurudi, nikaitoa ya pili. Jambo hilo lilinipa mizani bila kunigandisha.

Kuna onyo moja ambalo silioni likitajwa ipasavyo. Mtu anapoanza kuathirika vibaya na mwinuko, ubongo ukianza kuvimba, moja ya dalili za mwanzo ni kupepesuka kama mlevi. Fimbo mbili zinaweza kuificha dalili hiyo, kwa mtu mwenyewe na kwa kiongozi wake. Ukihisi kichwa kinauma kupita kiasi na akili imekuwa nzito, ziweke fimbo chini na ujaribu kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Ukishindwa, mwambie kiongozi hapo hapo, wala usisubiri kuche. Dawa ya hali hiyo ni kushuka.

Asubuhi kokoto zile zile zimeyeyuka na kulegea. Vumbi linapanda, kila hatua inateleza nusu mita, na watu hushuka wakitifua udongo kama wanaoteleza kwenye mchanga wa pwani. Ni raha kwa dakika kumi. Kisha mapaja yanaanza kutetemeka. Mtu asiye na fimbo anaegemea nyuma, na akiegemea nyuma miguu inamtoka mbele anakaa chini. Mwenye fimbo anaweza kuinama mbele kidogo, akazitanguliza, akapiga breki kwa mikono. Kama ningeambiwa nichague saa tatu tu za kuwa na fimbo katika safari nzima, ningezichagua hizi.

Mbona wapagazi hawana?

Wana sababu zao. Anayebeba mzigo kichwani au shingoni huushika kwa mkono mmoja, wakati mwingine kwa yote miwili. Anaijua njia jiwe kwa jiwe, kwa sababu ameipita mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Mwili wake umezoea mwinuko na mteremko kwa miaka. Na wakati mwingine sababu ni rahisi zaidi ya zote: fimbo ni ghali na hana. Ukikaa nao jioni wakipika, utawasikia wazee wa kazi hiyo wakiyataja magoti yao. Viongozi wengi wenye umri hutembea na fimbo, angalau moja. Kwa hiyo kumtazama kijana wa miaka 23 akikimbia kokoto za Barafu na kusema "basi na mimi naweza" ni kujilinganisha na mtu ambaye mwili wake ulishafanya kazi wako haujawahi kuifanya.

Mbili, moja, au gongo la mti

Fimbo mbili ndizo ninazozipendekeza kwa Machame, Lemosho, Umbwe na Rongai. Uzito unagawanyika sawa, mwili unabaki umenyooka, na kwenye mteremko mkali unaweza kuzitanguliza zote mbili kabla ya kutua.

Fimbo moja inatosha kwa mtu mwenye magoti mazima anayepita Marangu, au mpiga picha anayetaka mkono mmoja huru. Ubaya wake ni kwamba mwili huegemea upande mmoja, na kama goti lenye shida ni la kulia watu wengi hukosea kwa kushika fimbo mkono huo huo. Ishike mkono wa upande wa pili, itue pamoja na mguu unaouma.

Gongo la mti lina heshima yake. Babu zetu walitembea nalo, halivunjiki ovyo, halina kifungo cha kulegea, na mikono haipozwi na chuma. Ila huwezi kulifupisha, huwezi kulifunga begini kwenye Ukuta wa Barranco, na ni zito. Kama unapanda hadi Mandara tu, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, kwa siku moja, gongo linafaa. Jambo moja la kuzingatia: ulipate nje ya hifadhi. Kukata mti ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa, na msitu ule ndio unaolisha mifereji ya watu wa chini.

Kununua au kukodi

Moshi na Arusha kuna maduka mengi ya kukodisha vifaa vya mlima, na kampuni nyingi zinazopandisha wageni zina fimbo zao. Kwa mtu anayepanda mara moja, kukodi kuna mantiki zaidi. Anayepanda kila mwaka, kama makundi yanayokwenda Desemba kuadhimisha Uhuru, anunue zake azizoee.

Tatizo la za kukodi ni vifungo vilivyochoka. Fimbo nyingi zina vipande viwili au vitatu vinavyoingiana, na vipande hivyo hukazwa kwa njia mbili: kwa kuzungusha, au kwa kibano cha pembeni unachokifunga kwa kidole. Cha kuzungusha kikiingia vumbi au maji hulegea bila kukuonya. Fimbo yangu ya kushoto, niliyokodi kwenye duka moja la Moshi, iliingia ndani ghafla nilipoiegemea karibu na Horombo, nikapiga goti kwenye jiwe. Tangu siku hiyo sitoki dukani kabla ya kufanya hivi: nairefusha fimbo hadi kipimo changu, nakaza, naisimamisha sakafuni na kuilalia kwa uzito wangu wote. Ikishuka hata kidogo, nairudisha. Kisha naangalia ncha. Ncha nzuri ni ya chuma kigumu na bado ina makali. Iliyochakaa ikawa mviringo itateleza kwenye mwamba wenye maji. Mwisho naangalia kama kuna kile kisahani kidogo juu ya ncha, maana bila hicho fimbo inazama kwenye matope na kwenye theluji.

Ukinunua, utakutana na alumini na kaboni. Jozi ya kaboni ni nyepesi kwa kama gramu 100 au zaidi na hupunguza mtetemo, lakini ikibanwa kati ya mawe mawili hukatika papo hapo. Alumini hupinda, na iliyopinda unaweza kuinyoosha kiasi ukamaliza nayo safari. Kwa mlima wa mawe kama wetu, mbali na fundi, mimi ni mtu wa alumini. Anayesafiri kwa ndege aziweke kwenye begi la kukabidhi, kwa sababu viwanja vingi vya ndege havikubali fimbo zenye ncha ndani ya ndege.

Anayeweza kuziacha

Sitaki kumlazimisha kila mtu. Ukiwa na umri mdogo, uzito wa wastani, magoti yasiyowahi kuuma, na umeshafanya mazoezi ya kushuka, Uluguru au Lushoto au vilima vya Ngong, kwa siku mbili mfululizo na begi mgongoni, unaweza kupita Marangu bila fimbo ukarudi salama. Mwenye tatizo la bega au kifundo cha mkono anaweza kuona fimbo zinamwongezea maumivu. Na asiyewahi kuzishika kabisa asianzie langoni. Wiki ya kwanza fimbo hukutega miguu.

Kuna pia hoja ya pumzi. Mikono ikifanya kazi, moyo unapiga haraka kidogo kuliko ungepiga miguu ikifanya kazi peke yake. Fimbo hazikupunguzii nguvu unazotumia kupanda, zinazihamisha tu kutoka miguuni kwenda mikononi. Watu wengi huhisi wamechoka kidogo zaidi wakiwa bila fimbo, lakini ukijiona unahema sana kwenye mpando wa Shira, jaribu kuzifunga begini nusu saa usikie mwili unasemaje.

Aliye upande wa kubeba bila mjadala ni mwenye zaidi ya miaka 45, mwenye uzito mkubwa, aliyewahi kuteguka kifundo cha mguu au kuumia goti, na yeyote anayeshukia Mweka wakati wa mvua. Aprili na Mei, ngazi za udongo na magogo kwenye msitu wa Mweka huwa kama sabuni.

Ukienda mlima mwingine

Meru, mita 4,560 na ushee, watu huuchukulia kama mazoezi ya Kilimanjaro, na wanajuta. Kutoka kileleni hadi lango la Momella ni zaidi ya mita 3,000 za kushuka. Beba fimbo mbili, lakini ziwe za kukunja, kwa kuwa ukingo wa juu baada ya Rhino Point una miamba ya kupita kwa mikono, usiku, penye bonde kando yako.

Mlima Kenya, kwa anayekwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, fimbo zinafaa sana kwenye kinamasi cha njia ya Naro Moru na kwenye mteremko mrefu wa Chogoria. Zifunge tu unapokaribia kilele, penye ngazi za chuma.

Rwenzori ni habari nyingine kabisa. Kule unavaa buti za mpira na adui yako ni matope. Fimbo inageuka kipimo: unaichomeka mbele kabla hujakanyaga, uone kama ardhi ipo. Fimbo moja ndefu yenye kisahani kipana inafanya kazi hiyo vizuri kuliko mbili nyembamba, na mkono wa pili unauhitaji kwa kushika mizizi na ngazi za mbao.

Namna ya kuzishika

Niliona watu wengi mlimani wakiwa na fimbo nzuri wanazozitumia kama mapambo, zinawafuata nyuma zikikwaruza mawe. Kipimo ni rahisi. Simama mahali tambarare, ncha ikiwa kando ya mguu: kiwiko kikunjike kama pembe ya meza. Ukiingia mpando mkali, fupisha kwa sentimita 5 hadi 10. Ukianza kushuka, refusha kwa kiasi hicho hicho. Wengi hawarefushi wakati wa kushuka, wanabaki wameinama, kisha wanalalamika kiuno kinauma.

Mkanda wa kiganja unaingizwa mkono kutoka chini kwenda juu, halafu unaushika pamoja na mpini. Ukifanya hivyo uzito unakaa kwenye mkanda na vidole vinapumzika. Lakini penye mawe makubwa toa mikono kwenye mikanda, kwa sababu ukianguka na fimbo imenaswa kati ya mawe, kidole gumba au bega ndilo litakalolipa. Na penye njia nyembamba wapagazi wakija nyuma, simama upande wa mlima, fimbo zote mbili zisimame wima mbele yako. Mtu mwenye kilo 20 kichwani haoni ncha iliyonyooshwa nyuma ya mwenziwe.

Vile vifuniko vya mpira vya ncha vivue kabla ya kuingia msituni uvitie mfukoni. Vinang'oka kwenye matope na kubaki mlimani, na njia ya Machame ina vya kutosha. Virudishe kwenye mwamba mtupu ukipenda, vinapunguza kelele na mikwaruzo.

Ukifika lango la Mweka kuna vijana wanaoosha buti. Wape na fimbo pia. Halafu usizikunje zikiwa na maji ndani: zitenganishe vipande, zikauke kivulini usiku mzima pale ulipofikia, ndipo uzifunge au uzirudishe dukani. Na kama umeamua kumwachia mpagazi wako ziwe zake, mpe na ile jozi ya glavu nene.